Barua kutoka Lilongwe: Mkaa wa jiko lenye mfuniko

Kaka,

Nimepata ujumbe wako kuhusu lile jiko la duara lenye mfuniko, ulilouziwa na mgeni wa mradi alipokuwa anafungasha kurudi kwao. Umeniuliza utie mkaa gani ili nyama isinuke vibaya, na kama kweli jiko hilo linaweza kukausha samaki kwa moshi bila kumuunguza.

Jibu lenyewe si gumu. Kwa mishikaki na samaki wa kuchoma haraka, tia mkaa wa mti mgumu, mkavu, vipande visivyozidi ngumi ya mtu mzima. Kwa kukausha kwa moshi, tia mkaa mbadala ulioshindiliwa vizuri pamoja na vipande vichache vya mti wa matunda. Na kabla hujalipa, muulize anayekuuzia: mkaa huu umetoka wapi? Hilo la mwisho ndilo lililonifanya niache simu nikae niandike, maana tangu nihamie Malawi nimeona jinsi gunia moja la mkaa linavyobeba mambo ya watu wengi ambao hawatakula hiyo nyama.

Nianze na Dzaleka, kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kuchagua mkaa. Kutoka Lilongwe unashika barabara ya M1 kwenda kaskazini, unapita Kanengo na Lumbadzi, kisha unakata kuelekea Dowa. Safari nzima ni kama kilomita 45 hivi. Kambi ilifunguliwa mwaka 1994 mahali palipokuwa gereza, ambamo utawala wa Kamuzu Banda uliwafungia wapinzani wake. Ilipangwa ichukue watu 10,000 hadi 12,000. Leo wamepita 50,000. Wakongo ndio wengi, wakifuatiwa na Warundi na Wanyarwanda, halafu Wasomali na Waethiopia. Sisi wa Kigoma kambi tunazijua, tumeishi na Nyarugusu tangu 1996, lakini Dzaleka kwangu ina jambo la ziada. Ndipo mahali pa karibu ninapoweza kununua nyanya, kusuka nywele, kubishana bei na kucheka kutwa nzima kwa Kiswahili. Wana redio yao, Yetu, na wana tamasha la Tumaini, lililoanzishwa mwaka 2014 na mshairi Mkongo anayejulikana kama Menes La Plume. Tamasha hilo huwatoa watu wa mjini na wageni wa mbali wakaja kambini kusikiliza muziki na kula. Ukifika siku hizo utakuta ugali wa muhogo, sombe, sambusa za Kisomali, na mishikaki kila kona.

Mimi ninayemfuata ni dada mmoja Mkongo wa Fizi mwenye jiko lake pembeni ya soko. Anachoma mbuzi, mara chache ng'ombe, na akipata chambo kutoka Ziwa Malawi humpasua mgongoni akamchoma mzima na pilipili na ndimu. Nilimkuta ananunua mkaa. Kijana alikuwa ametua gunia kutoka kwenye baiskeli, jasho linamchuruzika ingawa asubuhi ilikuwa na ubaridi. Dada hakugusa vipande vilivyopangwa mdomoni mwa gunia. Alizamisha mkono hadi kwenye kiwiko, akachomoa vipande vitatu kutoka katikati, akavilaza juu ya kanga. Kimoja alikigonga kwa kingine akategea sikio: kililia kama kioo. Akakivunja kwa vidole, kikakatika mara moja, akanionyesha kilivyo ndani, cheusi kinachong'aa, na miduara ya mti bado inaonekana. Cha pili kilikuwa chepesi mno, kikamwachia vumbi kiganjani, akakiweka kando. Cha tatu kilikuwa na ganda la kahawia ubavuni. Alikinusa, akanipa na mimi ninuse. Kilinuka kuni.

"Hiki kijinga," alisema. "Kitawaliza wateja wangu."

Akamwambia kijana apunguze bei au alipakie gunia lake. Wakavutana kwa Kichewa na Kiswahili kilichochanganyika, wakakubaliana. Kisha akalimwaga gunia lote juu ya turubai na kuanza kuchambua: vipande vya ukubwa wa ngumi huku, vijinga kule, na chenga akazikung'utia kwenye ndoo. Nilipomuuliza yule kijana mkaa ulikotoka, alielekeza kidevu upande wa mashariki, akanyamaza. Sikumlaumu. Mtu anayebeba mkaa usio na kibali hataji msitu.

Kila alichokifanya yule dada kina sababu yake, na ni vizuri uijue kabla hujapeleka fedha kwa muuza mkaa. Tanuri la udongo huchoma mti kwa kuunyima hewa. Maji hutoka kwanza, halafu gesi na lami, na joto likifika nyuzi 400 hadi 500 hivi kinachobaki ni kaboni kwa sehemu kubwa. Mchomaji akifukua tanuri mapema, kwa haraka au kwa kuwaogopa walinzi wa msitu, kiini cha gogo hubaki kuni. Hapo ndipo hutoka ule moshi mweupe mzito unaoacha uchungu kwenye nyama na kuchoma macho. Mkaa ulioiva haunuki kitu, hata ukiupeleka puani. Mlio mkali unakwambia umeiva na umekauka, kwa kuwa mkaa hunyonya unyevunyevu wa hewa, na uliolala kwenye sakafu ya udongo wakati wa masika utarusha cheche na kuchelewa kukolea. Uzito unakwambia mti. Miti ya miombo huacha mkaa mzito, unaoshika moto polepole na kudumu. Msonobari huacha mkaa mwepesi, unaowaka kwa pupa na kuisha kabla nyama haijageuzwa mara ya pili. Na chenga si za kutupa, ila zikiingia jikoni zinaziba njia ya hewa na moto unadumaa.

Yule dada hatupi kitu. Vijinga huvipeleka kwake akapikia maharage nje, uani, mahali moshi hauna wa kumuudhi. Chenga huzichanganya na udongo na maji kidogo, akazifinyanga mabonge na kuyaanika.

Lakini kaka, kuchagua namna hiyo kunataka mtaji. Anayenunua gunia anaweza kulikataa. Anayenunua fungu la chini, au kifuko kidogo cha kupikia chakula cha usiku mmoja, huchukua alichowekewa. Ndani ya kifuko hicho kuna vijinga na chenga ambazo wengine walishazikataa, na ukijumlisha vifuko vya mwezi mzima unakuta amelipa zaidi ya mwenye gunia. Hilo nimeliona Dzaleka, nimeliona Chinsapo na Mchesi hapa mjini, na naamini lipo huko kwenu Mwanga na Ujiji pia. Kambini linauma zaidi kwa sababu posho ya Shirika la Mpango wa Chakula Duniani imekuwa ikipunguzwa, na fedha inayotolewa haitoshi unga, seuze cha kuupikia. Tena mwaka 2023 serikali ilitekeleza amri yake ya kuwarudisha kambini wakimbizi waliokuwa wakiishi na kufanya biashara mijini na vijijini. Familia nyingi zilirudi kwa mkupuo mahali ambapo tayari palikuwa pamejaa. Vichaka vya kuokota kuni karibu na kambi vilikwisha zamani.

Ndiyo maana huwa napandwa na hasira nikisikia watu mjini wakisema wakimbizi ndio wanaomaliza miti ya Malawi. Simama kwenye barabara yoyote inayoingia Lilongwe alfajiri uhesabu baiskeli. Vijana wanazisukuma kwa miguu, magunia yamefungwa mpaka yanapita kichwa cha msukumaji, na zote zinaelekea mjini, kwenye majiko ya watumishi, wafanyabiashara, hoteli ndogo na watu kama mimi. Sheria ya misitu inakataza kuchoma na kuuza mkaa bila leseni. Mwaka 2017 serikali ilitoa Mkakati wa Taifa wa Mkaa, wa miaka 10. Hata hivyo wenye leseni ni wachache mno, na mkaa mwingi unaopikia jiji hili umeingia bila karatasi yoyote.

Na watu wa mjini hawapikii mkaa kwa kupenda tu. Umeme wenyewe haujawafikia Wamalawi wengi, na uliopo haukai. Januari 2022 kimbunga Ana kilibomoa bwawa la Kapichira kwenye mto Shire, nchi ikapoteza karibu megawati 130 kwa muda mrefu. Novemba 2023 kwacha ikashushwa thamani kwa asilimia 44, na kila kinacholetwa kutoka nje, gesi ikiwemo, kikapanda. Mama mwenye watoto sita Area 25 anafanya hesabu zake, anarudi kwenye mkaa. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo.

Msitu unaolipa gharama hiyo kuliko mwingine ni Dzalanyama, kusini-magharibi mwa jiji, mpakani na Msumbiji. Ni hifadhi kubwa, hekta zinazokaribia laki moja, na iliumia mpaka wanajeshi wakapelekwa kuilinda. Mto Lilongwe unaanzia huko. Maji yake ndiyo yanayojaza mabwawa mawili ya Kamuzu, na mabwawa hayo ndiyo yanayoleta maji kwenye mabomba ya mji. Sasa fikiria: katika tanuri la udongo, kilo 1 ya mkaa inakula kilo 6 hadi 10 za mti. Nikinunua gunia la Dzalanyama kwa ajili ya karamu ya Jumapili, nimechukua kipande cha chanzo cha maji ya jirani yangu. Sisemi watu wasichome nyama. Nasema anayechoma kwa starehe, mwenye fedha ya kuchagua, ana wajibu ambao anayepikia uji wa mtoto hana.

Haya, turudi kwenye jiko lako, maana lina uwezo mkubwa wa kupunguza mkaa kuliko unavyodhani, na watu wengi wenye jiko hilo hawalitumii hivyo. Hapa Area 47 nimewaona wanafungua mfuniko, wanajaza mkaa hadi juu, wanachoma wazi kama kwenye pipa lililopasuliwa. Wamenunua mfuniko bure! Jiko hilo lilibuniwa Chicago mwaka 1952 na George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi katika karakana ya vyuma ya Weber Brothers. Walikuwa wakitengeneza maboya ya kuelea majini. Alikuwa akisumbuliwa na upepo na mvua kila akichoma nyama nyumbani, akachukua vipande vya boya, kimoja kikawa bakuli la moto, kingine mfuniko. Kwa hiyo tangu mwanzo mfuniko ndio wazo lenyewe.

Kwenye mbaula ya hapa, au kwenye jiko letu la kawaida, moto unautawala kwa kupepea. Kwenye jiko hili unautawala kwa matundu. Tundu la chini linaingiza hewa, na ndilo linaloamua ukali wa moto. La juu liache wazi muda wote chakula kikiwa ndani, ili moshi uwe unapita. Ukilifunga, moshi unalala juu ya nyama na kuitia uchungu. Ukimaliza kuchoma, funga yote mawili. Moto utakufa kwa kukosa hewa, na mkaa uliobaki utauwasha tena wiki ijayo. Kwenye pipa la wazi mkaa huo ungeishia kuwa majivu huku mkinywa chai. Hapo peke yake utaokoa sehemu nzuri ya kila gunia.

Usijaze. Rundika mkaa upande mmoja tu wa jiko, upande wa pili uache mtupu. Paja la mbuzi liweke upande usio na mkaa, funika, liive kwa joto linalozunguka. Mwishoni ndipo ulisogeze juu ya moto likauke ngozi. Mafuta hayatadondokea kwenye mkaa kila mara, na hilo ni jambo la afya vilevile, kwa kuwa mafuta yanayoungua juu ya moto hutoa moshi wenye kemikali zinazohusishwa na saratani. Mishikaki ni kinyume: hiyo inataka mkaa mkali chini yake, uliokolea mpaka umevaa majivu ya kijivu, na haitaki kusubiri.

Kuhusu kuwasha, nakuomba sana uache mafuta ya taa na mifuko ya plastiki. Harufu yake inaingia kwenye mkaa wenyewe na inakaa. Chukua debe tupu la mafuta ya kula, toboa matundu mengi sehemu ya chini, weka karatasi chini na mkaa juu, washa karatasi. Hewa inapanda yenyewe. Ukiona vipande vya juu vimeanza kuwa na majivu, mimina. Mafundi wa kuchomelea hapa sokoni wanaliuza debe hilo likiwa na mpini. Wewe fundi yeyote wa Mwanga anaweza kukutengenezea.

Sasa moshi, ambao najua ndio unaokuwasha. Kukausha samaki au nyama kwa moshi ni kazi ya joto la chini na muda mrefu, nyuzi 110 hadi 130, na hapo ndipo mkaa wa magogo unapokusumbua. Vipande vyake havilingani, kimoja kinawaka kwa kasi na kingine kinazubaa, joto linapanda na kushuka. Mkaa mbadala una umbo moja na uzito mmoja, kwa hiyo unaweza kuutabiri. Si kitu kipya. Mmarekani Ellsworth Zwoyer alipata hataza ya mkaa wa kushindiliwa mwaka 1897, na miaka ya 1920 Henry Ford akaanza kuutengeneza kwa wingi huko Michigan kutokana na masalia ya mbao za viwanda vyake vya magari. Maana yake ulizaliwa kwa nia ya kutotupa kitu, na nia hiyo inatufaa sisi kuliko wao.

Hapa Malawi wapo watu wanaoutengeneza kwa maranda ya mbao, pumba za mpunga, maganda ya karanga na karatasi. Lakini kuwa mwangalifu, kwa sababu chini ya jina hilo moja zipo bidhaa mbili tofauti. Upo unaotengenezwa kwa takataka zilizochomwa kwanza zikawa mkaa, kisha zikasagwa na kushikanishwa kwa uji wa muhogo au wanga mwingine. Na upo wa takataka mbichi zilizoshindiliwa tu. Huu wa pili ni kuni zilizobadilishwa umbo. Unafaa kuchemshia maji, chini ya nyama utakutia aibu. Kivunje kimoja: ndani kiwe cheusi chote. Ukiona kahawia au nyuzi za karatasi, mwachie. Angalia pia kama umeongezwa udongo mwingi, kwa kuwa udongo haungui, unabaki majivu, na majivu yakiziba tundu la chini moto wako unazimika katikati ya kazi.

Ukishapata mzuri, upange ukingoni mwa jiko kwa mstari wa nusu duara, viwili viwili, na tabaka la pili juu yake. Washa ncha moja tu kwa vipande vichache vilivyokolea. Moto utatembea wenyewe kutoka kimoja hadi kingine, saa 5 au 6 bila wewe kugusa kitu. Juu ya mstari huo weka vipande vidogo vya mti mkavu, kama vidole viwili vya mkono, kila umbali wa kiganja. Mwembe ni mzuri. Mpera ni mzuri zaidi, moshi wake ni mtamu na mwepesi. Mkusu unafaa pia, nao huku umejaa. Wakati wa masuku, matunda yake, watoto huyauza kando ya barabara kwa mabeseni. Usithubutu msonobari, una utomvu unaotia masizi. Mwarobaini uache. Mbao za zamani zenye rangi au dawa ya mchwa ziache kabisa. Mkaratusi una hali yake: mkaa wake unafaa, na kwa kuwa ni mti wa kupandwa na unachipua ukikatwa, mimi naupendelea kuliko wa miombo, ila ukiutia mbichi kwa ajili ya moshi, samaki atanuka dawa ya kifua.

Mimi nilimfanyia hivyo kampango, samaki mwenye sharubu wa Ziwa Malawi, aliyeletwa kutoka Salima. Nilimpasua, nikamlaza kwenye maji ya chumvi usiku kucha, asubuhi nikamkausha kwa kitambaa na kumwacha upeponi mpaka ngozi ikawa inanata kidogo. Hiyo hatua usiiruke, moshi haushiki kwenye ngozi iliyolowa. Alikaa jikoni kama saa 4 kwa moshi wa mpera. Ana mafuta ya kutosha, kwa hiyo hakukauka ndani. Nyama ilikuwa inaachana kwa vipande vikubwa vyenye unyevu. Nilimpelekea nusu yule dada wa Fizi. Alionja akanyamaza, akaniuliza tundu la chini nililiacha wazi kiasi gani. Nikamwonyesha kwa kidole. Sasa anataka fundi amtengenezee mfuniko wa mbaula yake kwa bati la pipa, na nimemwahidi kuuchora. Chambo simpendekezi kwa kazi hii, nyama yake haina mafuta mengi. Huyo mchome haraka kwa mkaa wa magogo. Samaki wa kwenu, migebuka, jaribu, nadhani itakupendeza.

Nikuongezee kisa kimoja juu ya lile swali la umetoka wapi, usije ukadhani ni la Malawi peke yake. Mkaa wa migunga ya Somalia ulikuwa ukipakiwa Kismayu na kwenda Ghuba, ambako unapendwa kwa nyama za kuchoma na shisha. Al-Shabaab walikuwa wakichuma humo, na Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likapiga marufuku kuuza nje mkaa wa Somalia, kwa azimio namba 2036. Watu waliokuwa wakila kebabu Dubai hawakujua. Na Kongo, mkaa unaochomwa ndani ya hifadhi ya Virunga umewalisha wenye bunduki kwa miaka mingi. Mwaka 2007 sokwe wa milimani waliuawa humo, na biashara ya mkaa ikatajwa kuhusika. Baadhi ya wanaonunua vifuko Dzaleka walikimbia vita vya upande ule.

Wewe Kigoma una bahati ambayo sisi hatuna huku. Michikichi. Nyuma ya kila mtambo wa kukamua mafuta ya mise kuna vilima vya maganda, magumu sana, ambayo mara nyingi huchomwa ovyo au kumwagwa njiani. Yakichomwa kwanza kwenye pipa lililofunikwa mpaka moshi wake uishe, yanatoa mkaa mzito wenye moto mkali. Yasage, changanya na uji wa muhogo, shindilia kwenye bomba, anika juani mpaka yakauke kabisa. Yasitumike mabichi chini ya nyama, moshi wake una mafuta na utaharibu kila kitu. Serikali yetu imeweka lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi, na mimi naliunga mkono kwa moyo wote. Lakini nyama choma ya jioni haitahamia kwenye gesi, wote tunajua, basi bora mkaa wake utoke kwenye taka za mawese kuliko kwenye misitu ya Uvinza.

Jambo moja la kufa na kupona. Jiko lina magurudumu, na ukifunga matundu linaonekana limezimika. Usilivute ndani, wala barazani palipozibwa, mpaka kesho yake. Mwezi Juni na Julai huku baridi inauma, watu wanaingiza mbaula chumbani, wanafunga madirisha, na kuna wasioamka. Hewa ya mkaa haina harufu wala rangi. Mwambie wifi, waambie na watoto, hasa yule mkubwa anayependa kujifanya fundi.

Ukishapata maganda ya mise, anza na kiasi kidogo, pima kwa kopo la unga ili tulinganishe. Niandikie moto umechukua saa ngapi kuzimika, majivu yamebaki kiasi gani, na migebuka imetokaje. Nitampelekea majibu dada wa Fizi, naye ana mengi ya kukuuliza kuhusu pilipili ya mawese.

Nisalimie mama, mwambie nitampigia Ijumaa.

Mdogo wako,
Lilongwe